Nataka kuhama chuo nirudi Dar: Mlimani, DUCE au Huria?

binti_mbagala: Wakuu habari zenu. Nipo mwaka wa kwanza BAED (digrii ya sanaa na ualimu) chuo kimoja kanda ya ziwa, mama kapata presha na yupo Mbagala na wadogo zangu wawili bado wapo msingi, nataka kuhamia Dar. Fomu siksi nilisoma HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili), nina C ya Jiografia na C ya Kiswahili, Historia nikaambulia E. Mkopo ninao. Nawaza Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM), DUCE (chuo cha elimu), au niachane na hayo yote nijiunge Chuo Kikuu Huria nisome nikiwa nyumbani. Ipi afadhali?

Mzee wa Sapu: Mlimani jina tu dada. Kutoka Mbagala na ile foleni ya asubuhi, kipindi cha saa moja utamkuta mwalimu anafuta ubao. DUCE ipo Chang'ombe hapo, na ni chuo kishiriki cha UDSM kwahiyo digrii ni ileile. Mi ningeenda DUCE nikalala.

nilihama_2021: Mnabishana foleni wakati ishu ni makaratasi. Mi nilihama. Kuna dirisha la uhamisho, likifungwa ndo basi mpaka mwakani, na pointi zako za fomu siksi lazima zifikie za kozi unayoenda na nafasi iwepo. Chuo nilichotoka walikaa na barua yangu wiki tatu, naenda bosi yupo kikaoni, narudi bosi kasafiri, siku napigiwa muhuri zimebaki siku mbili. Na mkopo unahama kweli ila hampandi basi moja, siku ya kusaini bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) jina langu halipo, nimekula mihogo ya kuchemsha hadi karibu na UE, mitihani ya mwisho wa semista, mpaka mama muuzaji akawa ananiita mkwe. Nenda kwa afisa mikopo wa vyuo vyote viwili mwenyewe, usitume mtu.

Kwisha_Habari: Huria sio mbaya, ila usije ukaacha chuo kimyakimya ukaomba upya. TCU (tume ya vyuo vikuu) bado wanakusoma kwa namba ileile ya fomu foo kwamba una chuo. Na kubwa zaidi ni bodi ya mikopo, ukiacha masomo halafu ukataka kukopa tena unatakiwa urejeshe kwanza asilimia 25 ya ulichokula. Mdogo wangu hakujua, saa hizi anauza chipsi anaitafuta hiyo hela.

jirani_254: Huku Kenya kuhama ni kupitia KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, dirisha likifunguliwa unaomba kwa tovuti yao, kama klasta pointi (alama za masomo yanayohitajika) hazifiki za ile kozi hata ulie hupati. Lakini swali, zile kozi ameshafanya zitakubaliwa ama anaanza upya? Hiyo ndio ilinimaliza mimi.

nilihama_2021: Hapo sasa. Beba matokeo ya semista ya kwanza na maelezo ya kila kozi yenye mada na kredit zake, kule wanalinganisha mojamoja. Mi walikubali nne, zilizobaki nikasoma na madogo wa fest yia.

binti_mbagala: Asanteni sana. Huria naiweka pembeni kwa hiyo 25, Mlimani nauli itanimaliza, najaribu DUCE. Nimempigia mama anasema nisihame kwa ajili yake, huku nyuma namsikia mdogo wangu anamsomea kipimo, mia na sitini kwa mia. @nilihama_2021 hiyo barua nampelekea nani kwanza?

nilihama_2021: Mi nilianzia kwa mkuu wa idara. Na toa kopi, wakigonga muhuri hakikisha wamegonga na ya kwako.