Leseni imeisha, gazeti linaandika "mvuvi haramu": Tanga tumechoka

Wakuu, salaam. Sina muda wa kubembelezana leo.

Boti ikizuiwa pale Deep Sea, mwalo wetu wa samaki hapa Tanga, kesho yake kichwa cha habari ni kilekile: "Wavuvi haramu wanaswa." Teremka mpaka aya ya nne ndiyo ukute kilichotokea: leseni imepitwa na muda. Leseni! Pwani nzima "mvuvi haramu" ni mpiga baruti na mkokota kokoro, ule wavu wa kuburuta. Mwenye jarife lake, wavu wa kutega, na karatasi iliyochacha ana kosa, hakuna anayebisha, ila msomaji wa kichwa cha habari keshamtia baruti mkononi.

Sasa tazama vitenzi. Ofisa "alifafanua". Mvuvi "alidai". Akisema tu "kweli, leseni imeisha", basi "akiri". Wote wawili wamesema, neno "alisema" lilikuwepo na halina kodi. Bado "inaelezwa kuwa": inaelezwa na nani? Na mtu aliye mikononi mwa polisi ni mtuhumiwa, akisomewa shtaka ni mshtakiwa. "Mhalifu" asubiri hukumu. Katiba ibara ya 13(6)(b) inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla haijathibitika.

Lakini hasira yangu nyingine ni kwenu. Kila habari mbovu mnapiga kelele "bahasha!" Bahasha maana yake mwandishi kalipwa. Una ushahidi? Huna, basi mhariri anaitupa barua yako kapuni, na wewe ndiye umegeuka mzushi. Ita kosa kwa jina lake. Mvuvi hakuulizwa chochote: habari haina mzania, dai nafasi ya kujibu. Boti mbili zimeandikwa "msururu wa boti": ametia chumvi. Jarife limeandikwa kokoro: huo ni upotoshaji, dai masahihisho, tena ukurasa uleule, siyo kipembe cha matangazo ya vifo.

Barua iwe fupi. Taja tarehe, ukurasa, nakili sentensi yenyewe neno kwa neno, onyesha neno lenye kasoro na lililopaswa kukaa pale. Ambatisha picha ya ukurasa mzima, maana kipande kilichokatwa watasema umekikata kwa makusudi. Ikiwa ni redio, andika jina la kipindi na saa, na urekodi mapema. Mhariri akikaa kimya, peleka Baraza la Habari Tanzania, chombo walichokiunda wanahabari wenyewe mwaka 1995. Kazi yake mojawapo ni kusuluhisha malalamiko ya namna hii bila kwenda mahakamani. Matusi usiyaambatishe.

Na wewe unayejiandaa kuandika hapo chini "makanjanja tu hao", ngoja kwanza. Kanjanja ni asiyejua kazi. Hawa wanaijua, ndiyo maana neno "leseni" wamelificha aya ya nne.