Wakuu, kisetilaiti kinachemsha kwenye kompyuta, nifanyeje?

Mzigo_Mzito: Habari za usiku wakuu. Niko ughaibuni, nasoma. Nimepewa kukokotoa joto la kisetilaiti kitakachoachiwa kutoka kituo cha anga cha ISS. Swali: niamini programu inayoisaka yenyewe hali mbaya kuliko zote, au hali mbili za kuchagua kwa mkono, ya joto kali na ya baridi kali? Silali.

Fundi_Temeke: Rejeta ikichemsha ng'oa thamostati. Noah yangu mwaka wa tatu huu.

Binti_Pwani: Babu aliwapikia Wataliano pale San Marco, Malindi, kituo chao cha kurushia roketi. Siku setilaiti ya Uhuru inarushwa, 12 Desemba 1970, wote walitoka nje kutazama, wali ukaungua. Mpaka leo anausimulia ule wali.

Kokotoo: Mleta mada, si ujaribu hali zote tu?

Mzigo_Mzito: Vigezo vitano mkuu: pembe ya beta (kati ya jua na bapa la obiti, yaani njia ya kuzunguka dunia), tarehe, na mkao kwa pande tatu. Kila kimoja hatua 10, ni majaribio 100,000. Moja dakika 20. Karibu miaka minne! Algorithimu ya kijenetiki, ndiyo ile programu inayosaka yenyewe, imemaliza kwa majaribio 600.

Kokotoo: Ikatoa ngapi? Unazunguka.

Mzigo_Mzito: Betri nyuzi 61. Kikomo 60. Kwa mkono nilipata 52… na ripoti ya 52 nimeshasaini, rejeta, lile bamba la kutoa joto nje, imeshakatwa. Lakini jua niliweka wastani, wati 1,361 kwa mita ya mraba, kila mtu anafanya hivyo.

Kokotoo: Kila mtu nani? Mwanzoni mwa Januari dunia iko karibu na jua, inafika 1,408 hivi. Unatafuta joto kali kwa kutumia wastani?

Mzee_Kifimbo: Kijana, saini ni kiapo. Vijana wa siku hizi mnasaini kama mnapiga chafya.

Sina_Dogo: Hiyo 61 ni kwenye beta ipi?

Mzigo_Mzito: 78.

Sina_Dogo: Chai! Obiti ya ISS imeinama nyuzi 51.6, jumlisha 23.4 za mwinamo wa dunia, beta mwisho 75. Hakuna kisetilaiti hapa.

Fundi_Temeke: Maandazi yaletwe 😂

Mzigo_Mzito: Duh. Nimefungua faili, mipaka ya beta niliandika -90 hadi 90. Kumbe 61 haipo! Nimepona, ripoti ibaki kama ilivyo.

Kokotoo: Usishangilie. Kwa kimo cha kilomita 400, ukivuka beta 70 hivi jua halizami, unachomwa mzunguko mzima. 75 na 78 ni ndugu. Kilichokuumbua ni mkao: rejeta imelikodolea jua. Weka 75, anzia pale pale ilipoishia, endesha moja tu.

Mzigo_Mzito: 60.4.

Mzee_Kifimbo: Msimamizi wako anaamka saa ngapi?

Sina_Dogo: Mimi bado nasema chai.