Naomba ushauri: Horten yangu isiyo na mkia inaanguka, maonyesho Jumamosi

Fundi_Mbao: Wakuu, habari za jioni. Nina klabu ya vijana wa sekondari. Tumeunda Ho 229, ile ndege ya Ujerumani ya Vita vya Pili vya Dunia ya akina Horten, kwa foamu, mita 1.5 ncha hadi ncha. Nikiirusha, pua inapanda, inasita hewani, inalalia ubavu, chini. Vijana wamenyong'onyea. Nifanyeje?

Rubani_Mstaafu: Uzito umekaa wapi?

Fundi_Mbao: Betri iko mbele kabisa, mkuu. Bado.

Mama_Wawili: Mimi nauliza kwa nini watoto wanaunda ndege aliyoipitisha Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler. Alitaka kilo 1,000 za mabomu, kilomita 1,000, kwa mwendo wa kilomita 1,000 kwa saa.

Kipanga: Na ilimuua rubani wake wa majaribio, Erwin Ziller, 18 Februari 1945, baada ya injini moja kuzima. Nyingine iliyobaki nimeiona makumbusho ya Chantilly, Virginia, Marekani. Mbao zake zimebanduka kama maganda ya kitunguu. Nilikaa pale hadi mke wangu akanifuata.

Chuma: Ndiyo mama wa B-2 hiyo, ile ndege ya mabomu ya Marekani isiyo na mkia!

Kipanga: Siyo, ndugu. Mmarekani Jack Northrop alirusha N-1M yake, nayo haina mkia, mwaka 1940. Hata upana wa B-2, mita 52.4, ni uleule wa YB-49 yake ya 1947.

Rubani_Mstaafu: Fundi, nijibu. Ncha za bawa umezisokota zitazame chini kidogo?

Fundi_Mbao: Hapana, mkuu. Bawa ni bapa. Ila limeshagundishwa na kupakwa rangi, na kwenye picha za ile ndege halisi linaonekana bapa.

Pilipili: Hii chai. Klabu inaunda Horten haijui msokoto? Picha, la sivyo uzi ufungwe.

Fundi_Mbao: *[picha]* Tazama gundi ilivyotuna kiungo cha kushoto. Hayo majina chini ya bawa wameandika vijana wenyewe.

Pilipili: Samahani, mwalimu.

Rubani_Mstaafu: Msokoto ndio urithi wa Reimar Horten, mbunifu wa ndege hiyo. Bawa limelala nyuma, kwa hiyo ncha zinafanya kazi ya mkia: zikibeba kidogo, pua inatulia na kona inakatika bila usukani wa wima. Baada ya vita alihamia Argentina, akabuni ndege ya Naranjero ya kusafirisha machungwa, ikaruka 1960. NASA nao wamelijaribu wazo lake kwa vindege vya Prandtl-D. Kata ncha, zigundishe upya.

Mama_Wawili: Machungwa? Hiyo waandikie kwenye bango.

Fundi_Mbao: Bango limeshachapwa, mama, lakini chini pana nafasi, nitaandika kwa mkono. Ncha ya kushoto nimekata sasa hivi. Ya kulia watakata vijana kesho.