Naomba ushauri: Nifanyeje niwe mtu mwenye mazungumzo ya kuvutia?

Kijana wa Kimara
Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa wote.

Nina miaka 29, ni mhasibu kwenye kampuni moja pale Posta. Kazi naipenda na maisha yanakwenda. Shida ni kwamba nikikaa na watu sina cha kuchangia. Mchana kwa mama ntilie wenzangu wanapiga stori, mimi ni wa kuitikia tu: "eeh", "kweli kabisa". Simba na Yanga ndiyo mada pekee ninayoiweza, na hata hiyo haichukui muda nimeishiwa. Asubuhi mwendokasi, mchana kompyuta, jioni mwendokasi tena, usiku simu mpaka usingizi.

Mwezi ujao nakwenda Tanga kujitambulisha kwa wazee wa mchumba wangu. Ameniambia kwa upole kwamba baba yake anapenda mtu wa kuongea naye. Sitaki kwenda kuigiza. Nataka niwe mtu ambaye ukikaa naye unatamani kukaa naye tena. Naanzia wapi? Natanguliza shukrani.

Mwana Temeke
Mkuu, punguza simu, soma vitabu. Maktaba Kuu ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, si mbali na ofisini kwako. Mengine yatakuja yenyewe.

Binti Msasani
Hilo la vitabu silikatai, ila kuna watu wamesoma sana na kukaa nao ni mateso, maana wanakuhutubia.

Kaka, jifunze kuuliza swali la pili. Mtu akikuambia anauza samaki Feri, wengi wanauliza "biashara vipi?", anajibu "tunashukuru Mungu", mazungumzo yamekufa hapo. Wewe muulize kusi likivuma anafanyaje. Atakueleza jinsi vyombo vidogo vinavyoshindwa kutoka, samaki wanavyoadimika mnadani, bei inavyopanda, na nani anamkopesha nani mpaka bahari itulie. Hapo umepata kitu ambacho hakimo kwenye simu yako, na yeye amefurahi kwamba kuna mtu aliyetaka kujua.

Msafiri wa Miguu
Nimeguswa na huu uzi kwa sababu umesema unafanya kazi Posta. Ndugu yangu, umekaa juu ya hazina!

Ile Sanamu ya Askari kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, unaijua habari yake? Kabla yake palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaiondoa. Huyu askari tunayemwona leo aliwekwa mwaka 1927, kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Chini yake kuna maandishi kwa Kiswahili na Kiingereza. Maelfu wanapita hapo kila siku na wachache sana wanasimama kuyasoma. Wewe simama usome.

Kisha shuka mpaka Sokoine Drive ulione Boma la Kale, la mawe ya matumbawe. Lilijengwa miaka ya 1860, Sultani Majid wa Zanzibar alipokuwa anauanzisha mji huu. Alifariki mwaka 1870 na mipango yake ikasimama. Kila nikilipita najiuliza Dar ingekuwaje kama angeishi miaka ishirini zaidi. Swali kama hilo ukiliweka mezani kwa mama ntilie, hata mpishi atachangia.

Ushauri wangu: usitafute mambo mengi. Chagua sehemu moja unayopita kila siku, uijue mpaka mwisho. Ukishazoea kutazama hivyo, hutaweza kuacha.

Mzee wa Kete
Marhaba mwanangu. Mimi nipo Magomeni. Njoo barazani ujifunze bao. Mashimo 32, kete 64, kila mtu kete zake 32: kumi unazipanga, sita kati ya hizo zinakaa kwenye nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, 22 unabaki nazo mkononi za kunamua, yaani kuzitia ubaoni moja moja. Kulielewa ni siku chache, kuliweza ni umri. Ila faida kubwa ni wale wanaotazama. Dereva mstaafu, fundi cherehani, baharia wa zamani, wote wako pale na kahawa na kashata. Miezi ya mwanzo usiseme kitu, sikiliza namna wanavyoianza habari na wanavyoikatisha mahali patamu. Ufundi huo hakuna anayekufundisha kwa maneno.

Fundi wa Ilala
Mimi naona tunamwonea. Kuna wanaume wakimya na wanaheshimika sana. Asijilazimishe kuwa msemaji.

Binti Msasani
@Fundi wa Ilala hajaomba kuwa msemaji, soma vizuri. Mkimya aliyejaa anajulikana, na mkimya aliyechoka na simu anajulikana pia. Yeye amesema mwenyewe yuko wapi.

Kijana wa Kimara
Wakuu nashukuru sana, kweli kabisa sikutarajia. Mzee wangu, Jumamosi nitakuja Magomeni, nitakufuata kwenye ujumbe wa faragha unielekeze. Swali moja: baba wa mchumba wangu alifanya kazi muda mrefu kwenye mashamba ya mkonge. Nisome historia ya mkonge kabla ya kwenda?

Msafiri wa Miguu
Soma kidogo. Jua kwamba miche ya kwanza ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kwamba mwaka huohuo ndipo ujenzi wa reli ya kutoka Tanga mjini ulipoanza. Lakini usimsimulie hayo. Unayajua ili maswali yako yawe na uzito. Muulize kuhusu korona, ule mtambo wa kuchambua mkonge: jani linaingiaje, singa, yaani nyuzi, zinatokaje, zinaanikwa muda gani, ni kazi ipi watu walikuwa wanaikimbia. Halafu muulize walikuwa wanatoka wapi waliokuwa wakikata naye, maana mashamba yale yalikusanya watu kutoka mikoa ya mbali.

Na akikuambia twende ukaone shamba, usiende na kandambili. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba kweli kweli.