MJADALA: Bima ya afya ilipie dawa mpya za donda la kisukari?

Mleta mada, Kirumba: Wadau, kuna jeli iitwayo becaplermin, yenye kichocheo cha ukuaji wa seli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa donda la mguu la kisukari. Cuba wana Heberprot-P tangu 2006, hiyo inachomwa kwenye donda lenyewe. Sasa watafiti wanavifunga vichocheo hivyo ndani ya chembe za nano, yaani ndogo mno zisizoonekana kwa macho, visiharibiwe na vimeng'enya vilivyojaa kwenye donda sugu, vitoke kidogo kidogo. Nasema bima ilipie. Mvuvi aliyekatwa mguu hapandi tena mtumbwi.

Nesi wa vidonda: Ndugu, sayansi naikubali, mpangilio naukataa. Kwenye jaribio moja kubwa la becaplermin, wale ambao donda lao lilipona na kujifunga kabisa ndani ya wiki 20 walikuwa asilimia 50. Waliopakwa jeli isiyo na dawa, asilimia 35. Tofauti ipo, siibezi. Lakini wote, hata hao wa jeli tupu, walikuwa wakiondolewa nyama iliyokufa na kuzuiwa kukanyagia donda. Hapa mgonjwa akitoka kliniki anapanda bodaboda, kesho yuko soko la samaki la Mwaloni kasimama kutwa juu ya donda lilelile. Mpake nano, mpake asali, utafunga bandeji tu. Na jeli yenyewe inataka friji.

Muuza dagaa: Shikamoo nesi. Hii ya "kwanza mambo ya msingi" tuliisikia hata kwenye ARV, kwamba Mwafrika hataweza kufuata dozi. Leo zinagawiwa mpaka visiwani. Anayesimama Mwaloni kutwa ana watoto wa kulisha, hajakaidi mtu.

Mfamasia: Tusichanganye vitu. Bandeji zenye chembe za nano za fedha zinaua bakteria, ila fedha ikizidi inaumiza na seli changa za ngozi. Becaplermin nayo iliwekewa onyo la saratani 2008, likaondolewa 2018. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, wana haki ya kwenda taratibu. Mbona hamtaji damu ya mgonjwa mwenyewe? Inachotwa, inazungushwa kwenye mashine, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinakusanywa na kuwekwa kwenye donda. Zina kichocheo kilekile cha kwenye jeli, na vingine zaidi.

Nesi wa vidonda: Marahaba mwanangu. Sijasema amekaidi. Nasema bima imlipie kiatu maalumu na usafishaji wa donda kila wiki, ndipo tuje kwenye jeli. Hiyo ya damu naiafiki, mradi izungushwe na mtu aliyefundishwa, kwa vifaa safi.

Mleta mada, Kirumba: Swali langu mnalizunguka. Mtu sukari ameidhibiti, mguu kaupumzisha, donda limesafishwa, miezi mitatu halijafunga. Huyo bima imwambie nini?

Nesi wa vidonda: Huyo alipiwe. Ila aje na daftari lake la kliniki nilione.