Mtoto apimwe jeni kabla ya kuchaguliwa mchezo?

Mleta mada:
Wakuu, wazazi wanauziwa vipimo vya mate vinavyodai kuonyesha kama mtoto ameumbiwa mbio fupi au ndefu. Vingi vinategemea jeni ya ACTN3. Nasema visiguse watoto kabisa.

Jeni hiyo hutengeneza alfa-aktinini-3, protini inayoshikilia nyuzi za aktini (nyuzi nyembamba zinazosaidia msuli kujikaza) katika misuli ya kasi, ile inayotuchomoa kwenye mstari wa kuanzia. Wapo watu ambao nakala zao zote mbili zina badiliko dogo kwenye nafasi ya 577: ujenzi wa protini unakatika njiani, na misuli yao inaikosa kabisa. Duniani wanazidi bilioni 1. Wala si wagonjwa. Protini ndugu, alfa-aktinini-2, huziba pengo. Mwaka 2003 watafiti wa Australia walikuta watu hao ni wachache mno miongoni mwa wanariadha bora wa mbio fupi. Biashara ikapata pa kushika.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umejijibu. Kama waliofika kileleni karibu wote wanayo, kwa nini mwanangu apoteze miaka 10 kwenye mchezo ambao mwili wake hauuwezi? Rubani hupimwa macho kwanza.

Mleta mada:
Ndugu yangu, hofu yako naielewa, mimi pia ni mzazi. Ila igeuze hesabu. Nchini Kenya wanaokosa protini hiyo ni kama asilimia 1 tu. Waliobaki wote wanayo, na wengi wao hawajashinda mbio yoyote. Mabingwa wao wa marathoni nao karibu wote wanayo. Kipimo kingewapeleka mita 100! Kisha mwaka 2007 zilichapishwa habari za mwanariadha wa Hispania wa miruko mirefu, asiye na protini hiyo hata chembe, aliyeruka zaidi ya mita 8 na kufika Olimpiki. Macho ya rubani yanapimwa kwa anachokiona leo. Jeni hii inazungumzia makundi ya watu, mtoto wako haimjui.

Mchangiaji wa pili:
Nafundisha watoto riadha, na naunga mkono hoja. Nikiambiwa huyu "hana jeni", nitamtazama kwa jicho jingine hata nisipotaka, naye atalihisi. Saa na mazoezi vinaniambia mengi zaidi. Lakini kwa mtu mzima anayetaka kujua mwili wake, tumzuie kwa lipi?

Mleta mada:
Mtu mzima simzuii, mwili ni wake. Wataalamu waliokubaliana msimamo mwaka 2015 nao walisema mtoto asipimwe kwa kusaka kipaji. Ninachokwama ni umri. Kijana wa miaka 16 aliyekwisha ingia kwenye mashindano makubwa, akaomba mwenyewe, tumjibu nini? Mimi naegemea 18. Mwenye hoja tofauti aiweke hapa.