Anatafutwa mtoto wa kumi ili kichupa cha chanjo kifunguliwe

Wakuu, salamu zenu. Uzi huu wa mwaka 2022, wa chanjo ya korona ya watoto wetu, ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Asiyetaka povu la mzazi apite tu, hatutagombana.

Leo asubuhi kwenye kituo cha chanjo tulikuwa na watoto saba waliokuja kwa nyongeza, yaani sindano ya ziada baada ya zile dozi mbili za mwanzo. Nesi akatoka na daftari, akahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu, akarudia kuhesabu kana kwamba kuna mmoja amejificha chini ya benchi, kisha akasema, "Wazazi, hamjafika kumi. Siwezi kufungua kichupa kwa watoto saba." Basi. Tulikuwa pale tangu saa moja kasoro. Wa kwangu alikunja mkono wa shati hadi begani tangu tulipokaa, kwa sababu nilimdanganya kwamba ukijiandaa mapema sindano haiumi. Alirudi nyumbani mkono ukiwa umekunjwa vilevile.

Kwa wasiojua hesabu hizi zinatoka wapi: mwaka huu wa 2022 chanjo ya korona ya Pfizer ya watoto wa miaka 5 hadi 11 inakuja kwenye kichupa chenye kifuniko cha rangi ya chungwa. Nesi anaichanganya na mililita 1.3 za maji ya chumvi ya sindano, zinapatikana dozi 10, kila moja mililita 0.2. Ikishachanganywa ina muda wa saa 12, zikiisha kinachobaki kinamwagwa. Kwa hiyo hofu yao ni kwamba wakituchoma saba, tatu zitaharibika. Hadi hapo naelewa, sijakataa.

Sasa sikilizeni hii. Kichupa hichohicho, kikishatoka kwenye baridi kali na kuwekwa kwenye friji ya kawaida, hakikai milele. Kina wiki 10 tu, hata kama hakijaguswa na mtu. Nikamuuliza, "Sista, hicho kilichomo humo kina wiki ya ngapi?" Akaenda, akasoma kibandiko, akarudi. "Ya nane, mama."

Ya nane! Yaani tunaogopa kumwaga tatu, tunasubiri tumwage kumi. Na wala siyo kwamba mimi ndiye mwenye akili kuliko wote. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliwaandikia watoa chanjo wake kwamba mtu akishafika asirudishwe, hata kama kichupa kikifunguliwa itabidi dozi nyingine zitupwe. Mtu aliyerudishwa huwezi kujua kama atarudi tena. Pale kwenye benchi kulikuwa na baba mmoja aliyeomba ruhusa kazini, na alituambia wazi kwamba hataomba nyingine.

Nesi mwenyewe sina ugomvi naye. Nilimfuata dirishani watu walipotawanyika, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kila dozi inayomwagwa anaijazia fomu na kueleza sababu, na mwisho wa mwezi anaulizwa. Nikamuuliza, mtoto anayerudishwa nyumbani bila chanjo anajaziwa fomu gani? Akanitazama tu. Hakuna fomu ya mtoto. Ndiyo maana kwenye makaratasi yao kila kitu kinakwenda vizuri.

Huyo wangu aliyerudishwa ni mdogo, ana miaka sita na ana pumu. Sijamaliza, kuna dada yake.

Dada yake alipata dozi mbili za mwanzo akiwa na miaka 11, kwa kifuniko kilekile cha chungwa, mikrogramu 10 kila sindano. Miezi mitano ya kusubiri nyongeza ilipotimia alikuwa ameshafikisha 12. Utaratibu wa chanjo hii hauangalii uzito wa mtoto wala urefu wake, unaangalia umri wa siku ya sindano. Kwa hiyo sasa anastahili ya wakubwa, mikrogramu 30. Haya, hilo nalo sawa. Nimempeleka siku ya watoto, wakasema huyu ni wa wakubwa. Nimempeleka siku ya wakubwa, wakafungua kompyuta wakasema jina lake liko kwenye orodha ya watoto na mfumo unamgomea. Nikaambiwa nirudi kwa waliomwandikisha wamhamishe. Waliomwandikisha wakasema kuhamisha ni kazi ya makao makuu. Makao makuu simu inaita mpaka inakata. Mtoto amekuwa popo, ndege wanamkataa na wanyama wanamkataa. Kosa lake ni kwamba alifikisha miaka 12, jambo ambalo kalenda ilishalijua tangu siku aliyozaliwa.

Na hizi ruhusa zenyewe zilivyokuja kwa vipande vipande! Huko Marekani nyongeza ya wa miaka 12 hadi 15 iliruhusiwa Januari 3, 2022. Ya 5 hadi 11 ikasubiri hadi Mei 17. Wenye watoto chini ya miaka mitano wakakaa hadi Juni ndipo wakapata hata dozi ya kwanza. Wenye watoto watatu wa umri tofauti nyumba moja wana kalenda tatu, vifuniko vya rangi tatu, na foleni tatu. Nawaonea huruma, mimi wawili tu wamenitoa jasho.

Najua kuna watakaosema mvalishe barakoa utulie. Ndiyo, ngoja tufike kwenye barakoa, maana huko ndiko nilikoanza kuharibikiwa.

Chukueni barakoa ya kawaida ya buluu mumvalishe mtoto wa miaka sita. Waya wa puani unafika kwenye kope. Kwa chini inapita kidevu hadi kooni. Kwenye mashavu inaachama pande zote mbili kama mfuko wa suruali, kidole changu kinaingia bila kugusa ngozi. Hewa haina ujinga, inapita palipo wazi. Nikafunga fundo kwenye kamba karibu na kitambaa na kukunja pembe kwa ndani, ule ujanja tuliofundishwa mwaka jana. Kwa mtu mzima unasaidia kweli. Kwake ulisaidia mpaka alipocheka. Akicheka inapanda machoni, anaishusha kwa kiganja kilichotoka kupangusa sakafu, na hapo hata mimi nilijiuliza namkinga na nini.

Nikasema nimtafutie nzuri zaidi, zile zinazobana. N95 inachuja angalau asilimia 95 ya chembe, sifa zake tunazijua. Ila NIOSH, taasisi ya Marekani inayothibitisha N95, inazithibitisha kwa ajili ya watu wazima walioko kazini. N95 ya mtoto iliyothibitishwa haipo. Januari 2022 serikali yao ilitangaza kugawa bure N95 milioni 400, na kwenye shehena yote hiyo saizi ya mtoto hakuna. Milioni 400, jamani! Ukitaka ya mtoto unakimbilia KF94 ya Korea Kusini, ambayo ina saizi ndogo, au KN95 ya China. Na kwenye KN95 ndipo penye mtego, kwa sababu NIOSH haohao walipopima zile zilizowafikia mwaka 2020 na 2021, kama asilimia 60 hazikufikia kiwango. Wao wana maabara. Mimi nina kibiriti cha kuwasha mbele ya mdomo nione kama mwali unazimika, kipimo nilichokiona kwenye video na ambacho hakithibitishi chochote, lakini nilikifanya hivyohivyo kwa kukata tamaa.

Niliagiza mtandaoni. Kwenye picha kuna mtoto anacheka, barakoa imemkaa kama ngozi. Kilichofika ni boksi lililoandikwa ya watoto, halina namba ya kiwango wala jina la kiwanda, lina katuni ya dubu. Nikawaandikia wauzaji kuuliza urefu kutoka juu ya pua hadi chini ya kidevu. Jibu: "Ni ya watoto, mama." Wa miaka mitatu ni mtoto na wa kumi na moja ni mtoto. Viatu mbona mnawauzia kwa namba? Kofia je? Inakuwaje kitu cha kufunika pua tu ndicho mtoto ana saizi moja tangu anaacha nepi hadi anabalehe?

Na huyo dubu ameniletea balaa lake. Wiki ya kwanza mtoto alirudi shuleni amevaa simba. Wamebadilishana. Nikagomba, nikaeleza, nikachora hadi vijidudu kwenye karatasi. Wiki ya pili akarudi na dubu, nikafurahi, kumbe dubu wa mwenzake, amemtambua mwenyewe kwa sababu huyo alikuwa na alama ya wino.

Hatimaye nikapata KF94 tano za saizi yake, kwa njia ambayo sitaki kuikumbuka. Tano tu, nikawa nazizungusha kwa siku, kila moja inapumzika kwenye bahasha ya karatasi. Bibi yao akaja kututembelea, akaziona, kwa upendo wake wote akazifua kwa sabuni akazianika juani. Sasa kile kitambaa cha katikati kinanasa chembe kwa chaji ya umeme iliyotiwa kiwandani. Ukikifua kwa sabuni chaji inaondoka. Nilizikuta kwenye kamba zinang'aa, zimekufa zote tano. Bibi ananiambia, "Nimekusaidia mwanangu, zilikuwa zimeanza kuchafuka." Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Wakati huohuo kila mlango una tangazo lake. Huku wanasema kila mtoto kuanzia miaka miwili avae, ndivyo CDC walivyoshauri. WHO (Shirika la Afya Duniani) na UNICEF Agosti 2020 walisema wa miaka mitano kushuka wasilazimishwe, wa 6 hadi 11 inategemea maambukizi yalivyo na kama kuna mkubwa wa kuwasimamia, wa 12 kwenda juu wavae kama watu wazima. Tofauti hiyo wataalamu wamalizane wenyewe. Kinachoniudhi ni kwamba hao wote wenye matangazo, kuanzia mlinzi wa getini hadi mwenye ofisi, wanajua kumzuia mtoto asiye na barakoa, na hakuna hata mmoja mwenye boksi la barakoa za mtoto chini ya meza. Za wakubwa wanazo. Siku moja mlinzi alimpa huyu mwanangu mdogo barakoa ya mkubwa, ikamfunika uso mzima, akasema, "Haya, pita." Amri imetekelezwa, mtoto haoni anapokanyaga.

Nawaona watakaokuja kusema watoto hawaumwi sana. Kweli, wengi wao inawapitia kama mafua. Njooni basi usiku mmoja mkae na mwenye pumu wakati kifua kinapiga filimbi, halafu mnirudie na hiyo "wengi wao".

Na kuna watakaosema nina ubinafsi, kuna watu duniani hata dozi ya kwanza hawajaiona. Hii hoja naiheshimu. Mkuu wa WHO, Tedros, Mei 2021 aliziomba nchi tajiri ziache kwanza kuchanja watoto zipeleke chanjo COVAX, ule mpango wa kugawia chanjo nchi zisizo na uwezo, na Agosti akaomba nyongeza zisitishwe ili wengine wapate. Angeniambia mimi kwamba kichupa cha chungwa kinaondoka hapa kinakwenda kwa mwenye shida zaidi, ningekibeba mwenyewe hadi uwanja wa ndege. Lakini hakiendi popote. Kimekaa kwenye friji hatua kumi kutoka kwenye lile benchi, kina wiki mbili za kuishi, kinasubiri watoto watatu.

Kwa hiyo sisi wazazi wa pale tumefanya kazi ya ofisi yao. Tulipotoka tulipeana namba getini, tukafungua kundi la simu. Hata yule baba wa ruhusa yumo, shangazi wa mtoto ndiye atakayemleta. Mchana tumepata wawili zaidi. Tumefika tisa. Nesi nimeshampigia, amesema yuko zamu Alhamisi na tukiwa kumi kamili anafungua mbele ya macho yetu.

Anayetafutwa ni mtoto mmoja, awe na miaka 5 hadi 11 siku hiyo ya Alhamisi, awe amemaliza miezi mitano tangu dozi ya pili, na aje na kadi yake yenye tarehe inayosomeka. Kama anafikisha 12 Jumatano, jamani, msimlete, nimeshaeleza yaliyonikuta. Mzazi anitumie ujumbe wa faragha nimpe maelekezo.

Na naomba aje mmoja tu. Tukiwa kumi na moja, huyo wa mwisho ataambiwa akae kwenye benchi asubiri wenzake tisa.